Sindano ya Miaka Mitatu

Kemisti nyingi za Kawangware, Nairobi, huwa na kaunta ya kioo na, nyuma yake, pazia linaloficha kiti kimoja. Mtu akifika na macho mekundu na pua inayochuruzika, huulizwa swali fupi: vidonge au sindano? Akichagua sindano, mara nyingi hudungwa steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, au dawa ya kuzuia histamini. Jioni hiyo pua hukauka na usingizi huja. Wiki mbili tatu baadaye chafya zimerudi, na mgonjwa amerudi kwenye kiti kilekile. Mtaani hii ndiyo inayoitwa sindano ya aleji.

Iko sindano nyingine inayobeba jina hilo, na kazi yake ni tofauti kabisa. Ndani yake mna kiasi kidogo sana cha kitu kilekile kinachomsumbua mgonjwa: chavua ya nyasi, kwa mfano, au protini za utitiri wa vumbi. Hudungwa kila wiki kwa miezi kadhaa, kisha kila mwezi, kwa miaka mitatu hadi mitano. Haimpi mtu nafuu siku hiyo. Huuzoesha mwili, polepole, kukivumilia kitu ambacho haukupaswa kukipiga vita. Makala haya yanaihusu sindano hii ya pili: inavyofanya kazi, inachompa mgonjwa, inachomdai, na kama mkazi wa Kibera au Kawangware ana sababu ya kuifikiria.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Homa ya chavua, aina ya mzio au aleji, haina homa. Joto la mwili halipandi na hakuna kijidudu kilichoingia. Kinga ya mwili hukosea kutambua. Huiona chembe ya chavua, unga laini wa maua, kama adui, na kuiundia kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli maalum zilizo katika utando wa pua na macho, seli zilizojaa histamini. Chavua ileile ikigusa utando huo tena, seli humwaga histamini papo hapo. Ndipo mtu hupiga chafya mfululizo, kamasi jepesi kama maji hutiririka, macho na kaakaa huwasha. Kidonge cha setirizini au Piriton huizuia histamini iliyokwisha kumwagwa. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani hutuliza uvimbe. Zote mbili hufanya kazi nzuri, lakini kosa la utambuzi hubaki palepale, na dawa ikikatizwa dalili hurudi.

Wengi huliita tatizo hili mafua tu, na kulivumilia. Uvumilivu huo una gharama. Mtoto asiyelala vizuri kwa sababu pua imeziba husinzia darasani, na fundi anayemeza Piriton ya zamani, inayoleta usingizi, hushika msumeno akiwa mzito. Zaidi ya hayo, pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Mtu mwenye mzio wa pua ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata pumu, na mwenye pumu huidhibiti kwa shida ikiwa pua yake haijatibiwa.

Swali linalotangulia sindano yoyote ni hili: mzio wa nini? Nairobi ina mshukiwa wake wa kudumu. Kila ifikapo Oktoba, mijakaranda inapomwaga maua ya zambarau barabarani, chafya zote huwekwa mlangoni pake. Lakini mjakaranda huchavushwa na wadudu. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, haisafiri sana hewani. Mimea inayosumbua watu zaidi ni ile ambayo hakuna anayesimama kuitazama, kwa kuwa hiyo hutegemea upepo: nyasi kama ukoka na nyasi ya kikuyu, na misaiprasi inayopandwa kuwa ua. Kibera imepakana na msitu wa Ngong na imekatwa na reli, na kando ya reli nyasi huchanua kila mvua inapotulia. Hapa hakuna majira ya baridi kali yanayoua kila kitu kisha kuanza upya. Kuna mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na kwa hiyo chavua haina msimu mmoja unaoweza kuuzungushia duara kwenye kalenda.

Kisha kuna vya ndani ya nyumba. Fikiria chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, Gatwekera huko Kibera au Gatina huko Kawangware. Godoro moja la sponji hulaza watu watatu. Pazia zito hugawanya kitanda na jiko. Mwezi wa Julai blanketi halikauki kwa siku kadhaa, na nyuma ya kabati ukungu umechora ramani ukutani. Ndani ya godoro huishi utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho, anayekula magamba ya ngozi yetu na kupenda unyevu. Kinacholeta mzio ni protini zilizo katika kinyesi chake. Mende nao huacha zao. Mtu mwenye mzio wa vitu hivi huamka akipiga chafya mwaka mzima, na hakuna mti wa kulaumu.

Tena kuna moshi: wa makaa, wa mafuta ya taa, wa taka zinazochomwa kando ya njia. Moshi huchubua utando wa pua na kutoa kamasi, lakini hautengenezi IgE. Hilo si mzio, na hakuna sindano ya kumzoesha mtu moshi. Vivyo hivyo vumbi la soko la Toi. Muuzaji anapokata kamba za mtumba mpya, wingu dogo hupanda kutoka kwenye nguo zilizoshindiliwa kwa wiki nyingi, naye hugeuza uso na kupiga chafya. Huenda ana mzio wa utitiri. Huenda ni uzi na vumbi tupu linalokera pua. Kwa macho huwezi kutofautisha, na kudunga bila kujua ni kumuuzia mtu miaka mitatu ya bure.

Kipimo kipo na ni chepesi. Matone ya vitu mbalimbali huwekwa kwenye mkono, ngozi huchomwa kidogo juu ya kila tone, na baada ya dakika 15 hadi 20 panapohusika huvimba kama pameumwa na mbu. Uvimbe wa milimita tatu au zaidi huhesabiwa, mradi unalingana na historia ya mgonjwa. Lakini aliyemeza dawa ya kuzuia histamini siku chache zilizopita hupata jibu la uongo, kwa sababu dawa hiyo huuzuia uvimbe wenyewe. Yule anayemeza Piriton kila asubuhi lazima aambiwe mapema aache, kwa kawaida kwa takriban wiki moja, la sivyo atalipia kipimo kisichosema kitu.

Wazo la kumtibu mtu kwa kitu kinachomdhuru lina zaidi ya karne. Mwaka 1911, Leonard Noon, daktari wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwadunga wagonjwa dondoo la chavua ya nyasi iitwayo timothy, akianza na kiasi hafifu na kukiongeza. Noon aliamini chavua ina sumu, na kwamba mwili ungejenga kinga dhidi yake kama unavyofanya kwa chanjo. Hapo alikosea, lakini hangeweza kujua: IgE haikugunduliwa hadi miaka ya 1960. Alifariki mwaka 1913 na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi. Nadharia ilibadilika, njia ikabaki.

Leo inajulikana vizuri zaidi kwa nini inafaa. Dozi ndogo inayopita chini ya ngozi, mbali na pua, huzifikia seli zinazoratibu kinga wakati hakuna vurugu. Dozi ikipandishwa kidogo kidogo hadi mara maelfu ya ile ya kwanza, mwili huzalisha seli za T za udhibiti, zinazotuliza mashambulizi, na kingamwili za aina nyingine, IgG4, zinazoiwahi chavua kabla haijaifikia IgE. Ni haba na haba, na kibaba hujaa baada ya miaka.

Faida yake imepimwa. Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2007 ulikusanya majaribio 51 yenye watu 2,871 wenye mzio wa msimu, na kuona kwamba waliodungwa walipungukiwa dalili na kutumia dawa kidogo kuliko waliodungwa dawa bandia. Mwaka 1999 timu ya Stephen Durham huko London ilionyesha jambo zito zaidi: waliodungwa kwa miaka mitatu hadi minne, kisha wakaacha, waliendelea kuwa na nafuu kwa angalau miaka mingine mitatu. Kidonge hakifanyi hivyo, wala dawa ya kupuliza. Tafiti za Ulaya kwa watoto wenye mzio wa chavua zimeonyesha pia kwamba waliomaliza miaka mitatu ya sindano walipata pumu kwa uchache kuliko wenzao. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameanza kukoroma kifua kila mvua zinapokatika, hiyo ndiyo faida inayostahili kusikilizwa kuliko zote.

Sasa gharama, na ya kwanza ni hatari. Kumdunga mtu kitu ambacho mwili wake unakichukia kunaweza kuamsha shambulio la mwili mzima: vipele, koo kuvimba, kifua kubana, shinikizo la damu kuporomoka. Katika uchambuzi huo wa Cochrane, adrenalini ilihitajika baada ya sindano 19 kati ya 14,085, na hakuna aliyekufa. Hayo yalikuwa majaribio yenye uangalizi mkali. Uingereza ilijifunza kwa uchungu: mwaka 1986 kamati yake ya usalama wa dawa iliripoti vifo 26 vilivyotokea tangu 1957, wengi wao wakiwa wagonjwa wa pumu, na baada ya hapo sindano hizi zikaondolewa mikononi mwa kliniki zisizo na vifaa vya kumwokoa mtu. Kanuni zinazofuatwa leo zimetokana na vifo kama hivyo. Mwenye pumu isiyodhibitiwa hadungwi. Anayetumia dawa za presha za kundi la vizuizi vya beta, kama atenolol, huchunguzwa kwa makini kwanza. Kila anayedungwa hubaki kituoni dakika 30, na adrenalini huwa tayari mezani, si kabatini chini ya kufuli.

Gharama ya pili ni muda. Ukihesabu wiki 20 za kupandisha dozi, kisha mara moja kwa mwezi hadi miaka mitatu itimie, unapata safari zipatazo 50. Tuchukue kibarua wa Kawangware anayetakiwa kwenda kliniki ya mtaalamu mbali na kwake. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 160, na nusu siku ya kazi anayoipoteza ina thamani ya shilingi 300. Safari 50 ni shilingi 23,000, kabla hajalipa senti moja ya dawa, kipimo au daktari. Mchango wa chini kabisa wa bima ya SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 10,800 kwa miaka mitatu. Kwa mtu huyu, kufika tu kwenye sindano kungegharimu zaidi ya mara mbili ya bima yake ya afya nzima.

Gharama ya tatu ndiyo inayosahaulika: hatari ya kuishia njiani. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha jaribio lililofuatilia watu wazima 106 wenye mzio mkali wa chavua ya nyasi. Baadhi walitibiwa miaka miwili, matibabu yakasimamishwa, wote wakapimwa mwishoni mwa mwaka wa tatu. Tofauti kati ya waliotibiwa na waliopewa dawa bandia ilikuwa imetoweka. Maana yake ni kwamba faida ya kudumu hailipwi kwa mafungu. Aliyemaliza theluthi mbili ya safari habaki na theluthi mbili ya faida. Mwaka wa mwisho ndio unaoifanya miaka ya kwanza iwe na thamani. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapa maji ni ya miaka mitatu. Mtu ambaye kazi yake inaweza kukatika mwezi ujao, au ambaye chumba chake kinaweza kubomolewa kupisha barabara, kama ilivyotokea Kibera mwaka 2018, anaombwa aahidi kitu ambacho maisha yake hayamruhusu kuahidi.

Gharama ya nne ni ya kitaalamu. Dondoo nyingi zilizochunguzwa vizuri zimetengenezwa kwa mimea ya Ulaya na Marekani. Nyasi ya timothy ni jamaa wa mbali wa ukoka na wa nyasi ya kikuyu, na chavua zao hazifanani vya kutosha kwa dozi ya moja kuhakikisha kinga dhidi ya nyingine. Dondoo za ukoka zipo duniani, na za utitiri zipo pia, lakini daktari lazima azichague kulingana na kinachoelea kwenye hewa ya hapa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kilichomo kwenye chupa. Vidonge vya kuyeyusha chini ya ulimi, vilivyoanza kuidhinishwa Ulaya mwaka 2006 kwa mzio wa nyasi, huondoa safari nyingi, kwa kuwa kidonge cha kwanza tu hutumiwa mbele ya daktari, na hatari yake ni ndogo. Lakini vinatakiwa kila siku kwa miaka ileile mitatu, na vile vya nyasi vimetengenezwa kwa timothy na jamaa zake wa karibu.

Basi nani anafaa kuifikiria sindano hii? Yule ambaye dalili zake ni kali, zimepimwa na kujulikana zinatoka wapi, zimeshindikana kwa dawa ya kupuliza puani iliyotumiwa kila siku na kwa njia sahihi, pumu yake imedhibitiwa, na ana uhakika wa kuyafikia matibabu kwa miaka mitatu. Kwa wengi wengine, kopo la steroidi ya puani na kidonge kisicholeta usingizi vitafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Dozi inayopulizwa puani ni ndogo na kwa sehemu kubwa huishia hapohapo. Sindano ya steroidi ya nyuma ya pazia huzunguka mwili mzima, na ikirudiwarudiwa inaweza kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa na kuzorotesha tezi zinazotengeneza homoni ya mwili ya aina hiyohiyo. Kuanika godoro juani, kuziba nyufa za mende na kupika mahali penye dirisha si matibabu duni ya maskini. Ni hatua ambazo hata daktari wa hospitali ya bei ghali angeanza nazo.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kumaliza kwa kusema kwamba sindano hii si ya watu wa mabanda. Mwaka 2023 jarida la Thorax lilichapisha utafiti uitwao Tupumue, uliowalinganisha wanafunzi wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na wa Buruburu, mtaa jirani wenye nafuu. Watoto wa Mukuru waliripotiwa kukoroma kifua zaidi, lakini waliokwisha kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wengi zaidi Buruburu. Ugonjwa ulikuwa upande mmoja, jina lake upande mwingine. Asiyepewa jina la ugonjwa wake hawezi kufika kwenye swali la sindano, wala la kopo la kupuliza.

Wala hoja kwamba watu wa Kibera hawawezi matibabu ya muda mrefu haisimami. Maelfu yao wanameza ARV, dawa za VVU, kila siku kwa miaka mingi, na wengine wamemaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu bila kukosa. Waliweza kwa sababu dawa ilikuwa bure na kliniki ilikuwa ya kutembea kwa miguu. Kituo cha Kibera South, ambacho Madaktari Wasio na Mipaka walikikabidhi kwa serikali mwaka 2017, kilijengwa juu ya ukweli huo. Friji ya chanjo za watoto huhifadhi kati ya nyuzi mbili na nane za Selsiasi, na ndiyo baridi inayohitajiwa na dondoo za mzio. Muuguzi anayejua kudunga yupo. Kinachokosekana ni mtaalamu wa kupima na kupanga dozi, dondoo zinazolingana na nyasi na vumbi la hapa, na wauguzi waliofunzwa kuitambua dalili ya kwanza ya hatari na kuipeleka adrenalini kwenye msuli wa paja bila kusubiri. Mtaalamu angepanga akiwa katika hospitali ya Mbagathi au ya Kenyatta. Sindano za kila mwezi zingedungwa karibu na nyumbani, na zile safari 50 zingekuwa hatua chache za miguu.

Mpaka siku hiyo, anayeketi nyuma ya pazia akisubiri sindano ya aleji anaweza kumwuliza anayemhudumia maswali mawili. Imetengenezwa kwa nini, na itaendelea hadi lini? Akijibiwa kwamba ni ya leo tu, ajue hiyo ni ya kukausha pua, na kopo la kupuliza lingeifanya kazi hiyo kwa usalama zaidi. Akijibiwa kwamba ni ya miaka mitatu, atoke kwanza nje, ahesabu nauli, siku za kazi na mahali atakapokuwa akiishi mwaka wa tatu, ndipo arudi kukunja shati.